Mlaso Niliompa Mke Wangu Asubuhi ya Upasuaji

Naomba niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana kule kwetu Uru, mlimani Kilimanjaro, habari hii imeshapita kila kihamba, yaani kila nyumba na migomba yake, na kila inapopita inaota mguu mpya (nimesikia kuna sehemu wanasema nilimpeleka ng'ombe mzima wodini, na huo ni uongo, ng'ombe alibaki zizini). Lakini lililo kweli ni hili: mimi Prosper, mtu mzima, baba wa mtoto, mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokitolea jasho kwa masomo ya jioni, nilisimama kwenye korido ya hospitali mbele ya akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani na kutamka maneno mawili ambayo nikiyakumbuka masikio yanapata moto mpaka leo. Watu wakisimulia nami nacheka nao. Nikibaki peke yangu sicheki.

Mnijue kwanza. Nauza kwenye duka la pembejeo mjini Moshi, mbegu, pampu za kupulizia kahawa, dawa za mifugo, vitu hivyo. Shule niliiacha nikiwa mdogo, nikairudia ukubwani, mchana nauza dawa ya kupe na jioni naenda darasani nikinuka dawa ya kupe, mpaka nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea na kupata C ya Biolojia. Ile C niliitembeza mitaa yote ya mjini, kuanzia Soweto mpaka Rau, kana kwamba nimeipata Ulaya. Wateja wakaanza kuniita Dokta, mimi nikaitika, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza, maana mtu akikohoa ng'ambo ya barabara mimi nilikuwa nimeshampima, nimempa dawa na nimemruhusu arudi nyumbani.

Basi mke wangu Adelina akajifungua mtoto wetu wa kwanza, Glory, tukafunga mlango wa nyumba yetu ya Rau tukapanda naye Uru kwa mama yangu, kama desturi yetu ilivyo. Kwetu mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, hashiki jembe wala ndoo kwa miezi mitatu. Kazi yake ni kunyonyesha, kulala na kula, na siku atakayotoka kwenda sokoni kwa mara ya kwanza watu wageuke wamtazame mashavu. Yale mashavu si ya kwake peke yake. Ni sifa ya mama mkwe aliyempikia, na ni sifa ya mume. Kwa hiyo asubuhi mtori wa ndizi na nyama, mchana supu yenye macho ya mafuta juu, na kilichozidi vyote mlaso, yaani damu ya ng'ombe inayopikwa pamoja na maziwa na samli, ikakorogwa mpaka inakuwa nzito, ya rangi ya udongo. Mama anaupika mlaso vizuri kuliko mtu yeyote mlima huu, na hapo siongezi chumvi. Mimi siku za kazi nilikuwa dukani mjini, na kazi yangu ilikuwa kupandisha samli kutoka mjini kila Jumamosi, na niliipandisha kweli, nadhani ile samli ingetosha kupaka mlima wote mpaka kwenye theluji.

Mtoto alipofikisha wiki sita, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Adelina akaweka kikombe chini taratibu na kushika chini ya mbavu, upande wa kulia. Akainama. Jasho likamtoka usoni.

"Mama," akamwambia mama yangu, "kuna kitu kinanibana hapa."

"Ni tumbo la uzazi, mwanangu, linarudi mahali pake. Halijapata mafuta ya kutosha."

"Lakini tumbo la uzazi si liko chini? Hiki kiko juu, kinazunguka mgongoni mpaka kwenye bega."

Hapo ndipo iliponipasa ninyamaze, au niulize swali la pili, au nifanye kitu kingine chochote. Badala yake nikakunja miguu, nikakohoa kidogo kama mwalimu wetu wa jioni alivyokuwa akikohoa, nikasema ni gesi. Neno moja tu. Nikaeleza gesi inavyotembea, inavyoweza kufika begani (niliieleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaiamini), nikampa vidonge vya kutafuna, na baada ya saa tatu maumivu yakaisha. Yangeisha hata kama ningempa punje za mahindi, sasa nalijua hilo, lakini siku ile nilipokea sifa zote.

Yakarudi Jumapili iliyofuata. Yakarudi tena katikati ya wiki. Kila mara baada ya kula vizuri, kila mara palepale, na kila mara mama aliongeza samli kwa kuwa mzazi anaumwa na mimi niliongeza vidonge kwa kuwa ni gesi, na msomi wa Biolojia hakuona kipi kinafuata kipi. Siku ya kliniki ya mtoto, nesi wa zahanati alimsikiliza Adelina akamwambia ashuke mjini akapigwe picha ya tumbo, ultrasaundi. Adelina akanipigia simu mjini jioni ile akaniambia.

"Tukishambatiza mtoto," nikamjibu. "Usitishwe na manesi. Mimi nakwambia ni gesi."

Akasema, "Haya, Baba Glory."

Zikapita wiki tatu tangu ile Jumapili ya kwanza. Jumatatu moja maumivu yakaja na hayakuondoka. Saa tatu zikapita, sita zikapita, Adelina anatetemeka kwa homa ndani ya mablanketi mawili, kila anachokunywa kinarudi, akivuta pumzi anaishia katikati. Jirani akatoa pikapu yake, mama akapanda na mtoto, mimi nikawakuta kwenye lango la hospitali kubwa ya mjini nikiwa bado nimevaa koti la dukani.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenyeji wa mlima huuhuu kwa jinsi alivyosalimia, na nyuma yake walikuwepo wanafunzi sita wenye makoti meupe. Akamuuliza Adelina maswali machache: maumivu yanaanza lini, baada ya kula nini, yanakwenda wapi. Kisha akaweka vidole chini ya mbavu za kulia.

"Vuta pumzi ndefu, mama."

Adelina akavuta, na pumzi ikakatika njiani kama mtu aliyechomwa. Daktari akahamia upande wa kushoto, Adelina akavuta tena, ikapita yote. Daktari akawageukia wanafunzi, wakaitikia kwa vichwa, wakaandika. Sasa mimi kuona watu wanaandika na mimi nimesimama tu, ikaniuma.

"Daktari," nikasema, "mimi nina msingi wa Biolojia. Nyongo inatengenezwa kwenye mfuko wa nyongo, kwa hiyo pengine umetengeneza nyingi kupita kiasi."

Mwanafunzi mmoja akageukia dirishani. Daktari hakucheka. "Inatengenezwa kwenye ini, baba," akasema. "Mfuko kazi yake ni kuitunza, na mtu akila mafuta unajikamua kuitoa."

Wakampima damu, wakampiga picha, na jibu likarudi: mfuko wa nyongo umevimba, kuta zake zimekuwa nene, una mawe ndani, na jiwe moja limekaa shingoni mwa mfuko limeziba njia. Daktari akatueleza kwamba ujauzito wenyewe huwafanyia hivyo wanawake wengi, mawe yanajijenga polepole bila mtu kujua, halafu mtu anajifungua, anakula mafuta, na shida inajitokeza.

"Kwa hiyo si gesi," nikasema.

"Nani alisema gesi?"

Nilisubiri jina langu. Adelina alikuwa amelala na dripu mkononi, midomo imekauka, akanitazama kidogo tu.

"Watu, daktari," akasema. "Watu wa nyumbani."

Akanifichia. Nataka mlikumbuke hilo mnaponicheka, maana ndilo linaloniuma kuliko yote yaliyofuata.

Matibabu yakapangwa. Maji ya dripu, dawa za maumivu, dawa za kuua bakteria kupitia mshipa, na Jumatano asubuhi upasuaji wa kuutoa mfuko wenyewe, kwa matundu madogo kama mambo yatakwenda vizuri. Chakula hakuna.

"Hata chai?" nikauliza.

"Hata maji."

Jumanne mama akapanda Uru na mtoto kuangalia ng'ombe, jioni akanipigia simu. Nikamwambia kuwa Adelina hajala tangu jana.

"Mzazi," mama akasema. "Hajala siku mbili. Prosper, watu watasema nimemtoa mkwe wangu kwangu akafe njaa mjini."

Nikaeleza. Nilieleza kama mtu anayejua, na mama alisikiliza kama mtu asiyesikia, na Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kuona wagonjwa, alikuwa ameshafika na mtoto mgongoni, na akina mama kumi na mmoja wa jumuiya waliokuja kumwombea mkwe wake, na kwenye kikapu chake kuna chupa ya chai ambayo haikuwa na chai. Waliruhusiwa kuingia wodini wachache wachache. Akanipa kikapu nje. Mama yangu akitaka jambo kwelikweli huwa hasemi.

Mnaweza kuuliza nilifikiri nini. Nilifikiri kama muuza dawa. Chupa za dawa za ng'ombe zimeandikwa maziwa yasinywewe siku kadhaa baada ya sindano, na mimi nimeona watu wakinywa siku ya pili na wanatembea mpaka leo, nikawa na imani yangu kwamba wanaoandika masharti huwa wanaongeza kidogo ili mtu akitii nusu, nusu hiyo itoshe. Nikajiambia daktari naye ameongeza. Nikajiambia pia kwamba mtoto analia na maziwa ya mama yake yanapungua, na hiyo ilikuwa kweli. Na tuseme ukweli wote, sikuweza kumrudishia mama kikapu kizito mbele ya wale akina mama.

Nikavuta pazia la kitanda.

"Wamesema hata maji, Baba Glory."

"Wanamwambia kila mtu hivyo. Unataka maziwa yakauke? Kunywa kidogo upate nguvu, ni upasuaji huo."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Akanywa kikombe kimoja, nikambembeleza cha pili. Nikamfuta midomo kwa leso yangu. Nesi akaja na faili saa mbili na nusu, akauliza kama mgonjwa amekula au kunywa chochote tangu jana. Adelina akafungua mdomo na mimi nikawahi: "Hapana, sista. Hajagusa kitu."

Wakamweka kwenye kitanda cha magurudumu. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamejipanga kwenye korido pande zote mbili, wanaimba chinichini, mwenyekiti wao Mama Restituta mbele na rozari mkononi, na mama yangu kwenye benchi la mwisho ananyamazisha mtoto. Mimi natembea pembeni ya kitanda, mwendo wa mume anayejali. Hatukufika nusu ya korido. Adelina akashika ubavu, akajikunja, akageuza kichwa pembeni ya kitanda na kutapika, na kilichotoka kilikuwa cheusi cheusi, kizito, na mabonge yake, kikamwagika sakafuni kwenye vigae vyeupe vile.

Wimbo ukakatika.

"Anatapika damu," nesi akasema, hakupaza sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililoogopesha.

Sijawahi kuona watu wakikimbia vile. Daktari akatokea mlangoni na kofia ya upasuaji kichwani, wanafunzi nyuma yake, mmoja anafunga mkanda wa kupimia presha, mwingine anatafuta mshipa wa dripu ya pili, mwingine anatumwa kuleta mpira wa kuingiza tumboni kupitia puani. Daktari akasema kundi la damu lipimwe sasa hivi na chupa ziandaliwe, akauliza ndugu wako wapi, wako tayari kuchangia?

"Chukueni yangu," akasema Mama Restituta, na akapandisha mkono wa blauzi mpaka begani.

"Na mimi," akasema wa pili, na kwa muda mfupi akina mama kumi na mmoja wa Uru, wengine bibi kabisa ambao hakuna daktari angewatoa hata tone, walikuwa wamesimama mstari mmoja mikono wazi. Mmoja nyuma akaanza sala ya wanaokufa. Mama yangu akasikia ile sala kutoka kwenye benchi na akasimama na mtoto.

Na katika watu wote waliokuwa pale, nilikuwa mimi peke yangu ninayejua. Adelina naye alijua lakini hakuweza kusema, alikuwa bado anatapika, na mama kule kwenye benchi la mwisho hakuwa ameona kilichomwagika. Ningesema hapohapo. Sikusema. Nilisimama nimegandamana na ukuta, ulimi umekuwa kiatu, nikitumaini Mungu atafanya mpango wa siri kati yake na mimi. Zilikuwa dakika tatu, labda nne, na ndani yake niliona watu wakimchoma mke wangu sindano mbili ambazo hakuzihitaji. Kisha mpira ukafika, daktari akaushika, na Adelina akanitafuta kwa macho.

"Daktari," nikasema. "Ile damu si yake."

Akageuka. "Ni ya nani?"

"Ya ng'ombe."

Mwanafunzi mmoja, mtu wa mikoa ya mbali huko, akauliza kwa upole, "Ng'ombe yupi?"

"Mlaso," Mama Restituta akamjibu kwa niaba yangu, mkono wake bado uko wazi. "Amempa mlaso."

Daktari alivua glovu taratibu. Hakuhitaji kuelezwa mlaso ni nini. "Vikombe vingapi?"

"Viwili."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Na sista alipokuuliza?"

Sista alikuwepo pale na faili lake, akajibu kwa kunitazama. Na akina mama wakaanza kushusha mikono ya blauzi zao, mmoja mmoja, bila haraka, kila mmoja akinipitishia macho. Wangenizomea ingekuwa nafuu.

Daktari akanipeleka pembeni, ila si mbali vya kutosha. "Wewe unauza dawa za mifugo, si ndiyo? Ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba, chuchu imeziba, ungekaa uendelee kumkamua hivyohivyo?"

"Hapana."

"Kila ulipompa samli ulikuwa unamkamua. Na leo ningemlaza usingizi wa dawa tumbo limejaa. Mtu akiwa kwenye ule usingizi chakula kikipanda hawezi kukohoa, kinaingia kwenye mapafu. Tusingekuwa tunaongea hivi. Ametapika akiwa macho, mshukuru huko kutapika."

Upasuaji ukaahirishwa mpaka Alhamisi. Nilikaa kwenye lile benchi la korido siku nzima, mama amekaa upande wa pili na kikapu miguuni. Homa ya Adelina ikapanda mchana ule. Alhamisi walipoingia wakakuta mfuko umeanza kuoza upande mmoja, uko karibu kupasuka, matundu madogo hayakufaa tena, wakamfungua kwa mkato mrefu chini ya mbavu. Nilimuuliza daktari kama ni ile siku moja niliyoipoteza. Angeweza kusema ndiyo, ningestahili. Akasema siku moja si kitu sana, dawa zilikuwa zinaingia. Wiki tatu ndizo zilikuwa nyingi.

Zile wiki tatu sina wa kunisaidia kuzibeba, si mama wala samli. Nesi wa zahanati alisema, mke wangu alisema, alitaja hata bega.

Adelina amepona. Maziwa yalirudi, Glory amenona kuliko sisi sote, tumeshashuka tena Rau, na mama siku hizi tukipanda kwake anaengua mafuta ya supu kwa kijiko, anamwekea mkwe wake, kisha anakaa kumwangalia akila kama mtu anayeomba radhi. Sokoni alitoka akiwa amechelewa mwezi mzima, mashavu hayakuwepo, na watu walimtazama vilevile kwa sababu ya ile hadithi. Mimi dukani jina la Dokta limeisha. Wananiita Ya Ng'ombe, na ninaitika, kwa sababu nikinuna wanaongeza.

Lakini mwezi uliopita nilikuta cheti cha hospitali juu ya meza yetu ya Rau, kimeandikwa jina la Adelina. Alikuwa ameumwa sikio siku nne. Alimwambia jirani, akaenda, akapimwa, akapewa dawa, akarudi, akapika, na mimi nikala nikamsimulia habari za dukani.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilitaka kwanza nijue ni nini," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anakunja nguo za mtoto.

Nimeapa, na nyinyi mnisimamie: mtu akiniambia anaumwa nitamuuliza ni wapi na tangu lini, na baada ya hapo mdomo wangu unafungwa mpaka tumfikie anayejua. Ninaisubiri siku ambayo Adelina atakuja mwenyewe, ashike mahali na kusema, Baba Glory, naumwa hapa. Nitauliza tangu lini, basi. Nitavaa viatu twende hospitali.